Mtumbwi au ngalawa kwa uvuvi wa ndani ya mwamba?

Muulizaji, Jambiani:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimejaaliwa fedha kidogo, nami nataka chombo changu cha kutegea madema (mitego ya samaki ya kusuka) ndani ya mwamba wa matumbawe, na siku za shwari nitoke nje kuvua kwa mshipi. Je, ninunue mtumbwi au nijikaze nipate ngalawa?

Jibu:
Waaleikum salaam. Kwa madema peke yake mtumbwi unatosha, kwa kuwa maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, yaani za kujaa na kupwa kukubwa, utausukuma kwa pondo (mti mrefu wa kusukumia) katika vijito vyembamba ambamo ngalawa, kwa mirengu yake miwili (mbao za ubavuni za kuizuia isipinduke), haipati nafasi. Bei nayo ni nafuu.

Jibu:
Simpingi mwenzangu, ila neno “nje” ndilo linaloamua. Mtumbwi ukipigwa wimbi la ubavuni hupinduka. Wangu ulinipindukia mlangoni mwa mwamba wakati wa upepo wa kusi, nikapoteza mishipi yote na kurudi nimeukumbatia kama gogo. Ngalawa hubeba tanga bila kulala. Ukienda kuikagua, usihadaike na rangi: vuta kamba zinazofunga mirengu, kisha papasa sakafu kwa vidole utafute nyufa zilizozibwa juujuu.

Muulizaji:
Ahsanteni. Je, naweza kuanza na mtumbwi, kisha nikautia mirengu?

Jibu:
Inawezekana iwapo ni mrefu na kuta zake si nyembamba, lakini mwite fundi autazame kabla hujalipa. Mtumbwi wa mwembe uliochongwa mti ukiwa mbichi hupasuka upesi.