Naomba ushauri: wanafunzi wanafuta vipimo vyao kwenye madaftari ya sayansi

Assalaam alaykum waalimu wenzangu. Nasomesha sayansi kidato cha pili huku Wete, Pemba, na nimeanzisha kila mwanafunzi awe na daftari lake la majaribio, aandike swali, anachodhani kitatokea, vipimo, halafu achore grafu. Tunapima kupanda kwa maji ya bahari, tumechomeka boriti pwani ina alama kila sentimita 10, wanasoma kwa zamu kila nusu saa mpaka maji yajae, siku za bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na siku za maji mafu (yanapojaa na kutoka kidogo), ili tofauti waione wenyewe kwenye grafu. Kazi wanaipenda sana, maana wengi wazee wao wavuvi na bamvua wanalijua toka wadogo.

Tatizo wakirudi darasani, mtu akiona namba yake haifanani na ya mwenzake anaifuta kwa raba anaandika ya yule anayeonekana hodari. Yaani wimbi limepiga boriti, mmoja kasoma 140 mwengine 150, mimi hiyo tofauti ndo naitaka ibaki tuizungumze, tutafute wastani! Nikawaambia watumie wino, sasa wanaogopa kukosea hawaandiki kabisa. Na kwenye grafu wanaunga nukta kwa rula moja moja badala ya kupitisha mkunjo mmoja laini.

Nyie madaftari kama haya mnasahihishaje, maksi mnatoa kwa kitu gani hasa? Na karatasi za grafu zikiisha mnafanyaje, maana kuchora miraba kwa mkono kunakula kipindi kizima.