Shavu la pili na jihadi: dini ipi inaruhusu vita zaidi?

Mleta mada: Wakuu salaam. Kwetu tumechanganyika, Krismasi na Idi tunakula sinia moja, ila mada hii ikianza tu sauti zinapanda. Wengine wanasema Yesu alifundisha ukipigwa shavu geuza la pili, Mtume Muhammad alipigana vita vya Badr mwaka 624, basi jibu limepatikana. Ni rahisi hivyo kweli?

Mtanga: Si rahisi mkuu. Makka Waislamu waliteswa miaka 13, Bilali, mtumwa aliyesilimu, alilazwa kwenye mchanga wa moto na jiwe kifuani, na hawakuruhusiwa kurudisha mapigo. Ruhusa imekuja walipofukuzwa majumbani kwao, tena na masharti, Qurani sura ya Baqara aya 190 inasema piganeni na wanaowapiga ila msivuke mipaka. Na Mtume Madina alikuwa na mji wa kulinda, Yesu hakuwa na dola. Ukitaka haki linganisha na Wakristo waliposhika dola.

Katekista: Hapo nakubali. Baada ya Konstantino, kaisari wa Roma aliyeupokea Ukristo, ndo askofu Augustino anaeleza vita vya haki, na 1099 wapiganaji wa msalaba waliingia Yerusalemu wakachinja Waislamu na Wayahudi, wakati Salahudini, sultani wa Kiislamu, alivyoirudisha 1187 wengi walilipa fidia wakatoka wazima. Ila tofauti tusiifiche, Injili haina kanuni za vita na Qurani inazo. Kwangu neno la Yesu "Rudisha upanga wako mahali pake" ni amri, wale wa 1099 walimuasi aliyeisema.

Mtanga: Kanuni ndo breki yenyewe ndugu yangu. Abubakari, khalifa wa kwanza baada ya Mtume, aliliambia jeshi lake lisiue wanawake, watoto, wazee wala watawa. Al-Shabaab waliposhambulia chuo kikuu Garissa, Kenya, 2015 wamekufa watu 148, wengi wanafunzi, pale kanuni gani imefuatwa?

Wa Goma: Mimi aya sina. Rwanda kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 watu walikimbilia kanisani Ntarama na Nyamata wakauliwa humohumo, na waliowaua wengi walibatizwa kama wao. Waislamu wengi kule waliwaficha majirani majumbani.

Msafiri KE: Na basi la Mandera Desemba 2015 msilisahau. Al-Shabaab walisimamisha basi wakataka abiria wajitenge, Waislamu huku Wakristo huku, akina mama wakawavisha wenzao Wakristo hijabu harakaharaka, watu wakagoma kabisa kutengana, ueni wote ama muache wote. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi hapo, akafariki Januari.