Wauzaji wa aksolotli, hizo kokoto za rangi mnawauzia watu za nini?

Wakuu, mods msiusogeze uzi huu jukwaa la samaki. Aksolotli si samaki. Ni salamanda wa Xochimilco, Mexico, mnyama wa maji ya baridi, na shida zake nyingi zinaanza pale anapouzwa na mtu aliyezoea kuuza samaki.

Tazameni matangazo. Mtoto wa sentimita 8, tangi, mfuko wa kokoto za rangi, kopo la funza wakavu, eti "seti kamili". Seti ya kumziba utumbo! Aksolotli hatafuni. Vimeno vyake ni vya kushikia tu. Anafungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani na kila kilicho jirani kinaingia nayo. Macho yenyewe hafifu, anafuata harufu na mtikisiko. Kwa hiyo mnyoo ukitua juu ya kokoto anameza vyote viwili. Mnyoo unasagika, kokoto inabaki, chakula cha kesho kinakwama nyuma yake. Mteja akirudi kulalamika anajibiwa "huyo kagoma kula tu, atazoea". Atazoea nini?

Sakafu ya tangi iachwe tupu. Ukitaka mawe, yawe makubwa kuliko kichwa chake. Mchanga laini, chembe zisizofika milimita 1, usubiri mnyama avuke sentimita 15 hivi.

Na hao funza wakavu, ganda lao gumu halisagiki vizuri, hasa kwa mdogo. Chakula chake ni nyungunyungu, aliyekatwa vipande visivyozidi upana wa nafasi kati ya macho yake. Mdogo alishwe kila siku, mkubwa kila baada ya siku 2 au 3, nyungunyungu mmoja au wawili wanatosha. Usichimbe kwenye bustani iliyopigwa dawa. Wale wembamba wekundu wa kwenye mboji hutoa majimaji machungu ya njano, anawatema, na mwenye mnyama anadhani anaumwa. Wachovye kwenye maji ya moto sekunde chache, wasuuze, kisha mpe. Moyo wa ng'ombe na kuku ni mafuta asiyoyaweza. Samaki wadogo wa dhahabu wanaleta vimelea, tena nyama yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mabaki yote yatolewe siku hiyohiyo.

Joto ndilo mnalolificha kabisa. Anataka nyuzi 16 hadi 18. Likipanda kupita 24 anakataa chakula, na kile alichokwisha kumeza kinaanza kuoza tumboni, gesi inajaa, anaelea. Sasa mtu wa Dar au Mombasa anaambiwa "weka feni". Feni inashusha nyuzi chache tu, na kwenye unyevu wa pwani inashusha kidogo zaidi. Bila mashine ya kupoza maji, usimuuzie mtu wa huko mnyama huyu. Basi.

Tena kuelea peke yake si ushahidi wa kuziba. Huwa anapanda juu kumeza hewa, na akiweza kushuka mwenyewe mwache. Mkubwa kukaa siku kadhaa bila choo nako ni kawaida. Cha kuogopa ni tumbo lililovimba, choo hakuna, chakula hataki, mkia uko juu na kushuka hawezi. Hapo pima kwanza amonia na nitraiti ya maji, yaani sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Zote zinatakiwa ziwe sifuri, na zikipanda nazo zinaua hamu ya kula.

Sasa wale madaktari wa kwenye komenti: mafuta ya kula mdomoni, chumvi, kumkamua tumbo. Mnaua! Chumvi hutumika kwa ukungu wa ngozi, haifungui utumbo, na kukamua kunaweza kupasua viungo vya ndani. Sitisha chakula. Mhamishie kwenye beseni safi la plastiki, maji yaliyotolewa klorini, yamfunike vizuri pamoja na matamvua, yenye joto lilelile la tangi. Badilisha maji yote kila siku, funika beseni lipate giza, na tazama kama choo kinatoka. Jokofu msilikimbilie: baridi inapunguza mwendo wa mmeng'enyo, jiwe haiyeyushi. Kama uvimbe haupungui, ni eksirei kwa daktari wa mifugo. Kokoto huonekana wazi kwenye picha.

Muuzaji yeyote aliyemo humu ajitokeze atujibu: maji ya tangi lako la dukani leo yana nyuzi ngapi? Weka picha ya kipimajoto.