Kate Middleton, tibakemikali na nywele: je, mtu kubaki na nywele zake ni ushahidi wa lolote?

Mwana wa Pangani ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa matibabu ya saratani, kwa sababu umbea ulioanzia Uingereza sasa umeingia ndani ya ukoo wetu.

Mtakumbuka kwamba tarehe 22 Machi 2024 Binti Mfalme wa Wales, Catherine, ambaye wengi bado tunamwita Kate Middleton, alitoa video akieleza kwamba vipimo vilivyofanywa baada ya upasuaji wake wa tumbo wa mwezi Januari vilionyesha kuwa alikuwa na saratani, na kwamba alikuwa amekwisha kuanza tibakemikali, yaani matibabu ya saratani kwa dawa kali (kemo). Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo akatangaza kwamba amemaliza dawa hizo. Katikati ya hapo alionekana kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa kwa Mfalme mwezi Juni, kisha kwenye fainali ya tenisi ya wanaume huko Wimbledon mwezi Julai, akiwa na nywele kichwani kama tulivyomzoea. Wapo waliosema ni wigi, na wapo waliosema hakuwahi kuugua kabisa. Septemba 2025 alipofika kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London nywele zikiwa zimegeuka rangi ya dhahabu, maneno yakaanza upya, na safari hii yakawa makali zaidi.

Kwangu hili si la kupitishia muda. Mama yangu mdogo ana saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, na sasa anawekewa dripu ya oxaliplatin kila baada ya wiki tatu na kumeza vidonge vya capecitabine nyumbani. Ukoo umefungua kundi la WhatsApp la michango. Juzi ndugu mmoja aliweka humo picha ya Kate akiwa Wimbledon, kando yake akaweka picha ya mama mdogo aliyopigwa harusini akiwa amesuka vizuri, akaandika: "Kansa gani hii isiyonyoa mtu?" Watu wakacheka, na kabla ya jioni wawili wakaandika kwamba wanasitisha michango yao mpaka wapate maelezo.

Naomba kuelezwa: je, ni kweli kwamba kila anayepewa tibakemikali lazima anyonyoke nywele? Na je, kuna namna yoyote mtu anaweza kutazama picha akajua kwamba aliyepigwa anatibiwa au hatibiwi?

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Ndugu Mwana wa Pangani, mpe mama mdogo pole zetu. Mimi ni muuguzi katika wadi ya saratani, na swali la nywele ndilo ninaloulizwa kwanza na karibu kila mgonjwa mpya, mara nyingi hata kabla hajaniuliza kama atapona.

Tibakemikali si dawa moja. Ni kundi kubwa la dawa zenye tabia tofauti, ambazo nyingi hufanya kazi kwa kushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani hugawanyika haraka, lakini vivyo hivyo seli za shina la nywele, za utando wa mdomo na utumbo, na za uboho unaotengeneza damu. Kwa kuwa wakati wowote ule karibu asilimia 90 ya nywele za kichwani zimo katika kipindi cha kukua, dawa kali inapopita hukuta shina nyingi zikiwa kazini na kuzidhuru zote kwa pamoja. Zipo dawa ambazo mgonjwa nikimwandalia humwambia mapema atafute kilemba au kofia: doxorubicin, ile ya maji mekundu, paclitaxel na docetaxel, na cyclophosphamide, hasa dozi ikiwa kubwa. Mgonjwa wa dawa hizo, kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu baada ya dozi ya kwanza, huanza kusikia ngozi ya kichwa ikiuma akiigusa, kisha asubuhi moja anakuta nywele zimetapakaa kwenye mto, na akipitisha kitana kinatoka na fungu zima.

Dawa za mama yako mdogo haziko katika kundi hilo. Oxaliplatin na capecitabine huweza kupunguza wingi wa nywele, lakini wagonjwa wengi wanaozitumia hubaki na nywele za kutosha kusuka. Madhara yake hujitokeza mahali ambapo kamera haifiki. Capecitabine huweza kufanya viganja na nyayo ziwe nyekundu, ziwake moto na kuchubuka, kiasi cha mtu kushindwa kusonga ugali au kuvaa viatu. Oxaliplatin huleta ganzi na kuchomachoma vidoleni, na baridi huzidisha hali hiyo. Huyo ndugu aliyeweka picha aende akamtazame mama mdogo siku mbili baada ya dripu, anapofungua friji kutoa chupa ya maji, au anapomeza funda la maji baridi na koo likambana kama linaloziba.

Sasa nirudi kwa Kate. Hajawahi kutaja hadharani aina ya saratani aliyokuwa nayo, wala majina ya dawa alizopewa. Bila mambo hayo mawili, hata daktari bingwa hawezi kusema kama nywele zake zilipaswa kunyonyoka. Anayesema amejua kwa kutazama picha anabahatisha. Tena huko Uingereza hospitali nyingi zina kofia za kupoza kichwa, ambazo mgonjwa huvaa kabla dripu haijaanza, wakati inaingia, na kwa muda baada ya kwisha. Baridi hubana mishipa midogo ya damu ya kichwani, dawa inayofika kwenye shina la nywele ikapungua. Wengine huwasaidia sana, wengine haiwasaidii hata kidogo, na haitumiki kwa saratani za damu, kwa kuwa huko daktari anataka dawa ifike kila mahali. Simaanishi kwamba Kate aliivaa. Ninachosema ni kwamba njia za mtu kumaliza matibabu akiwa na nywele zake ni nyingi, na hakuna hata moja inayohitaji udanganyifu.

Kuna na jambo jingine lililowachanganya watu, nalo ni kwamba alisema dawa zake zilikuwa za kinga. Wapo waliolichukua hilo kwamba saratani haikuwepo. Sivyo. Baada ya upasuaji, hata pale ambapo daktari haoni tena uvimbe wowote, huenda kuna seli chache zilizobaki ambazo kipimo hakizioni, na dawa hutolewa ili kuziwahi zisije zikaota upya. Ni jambo la kawaida kabisa katika wadi yetu. Bila shaka hata mama mdogo, ikiwa saratani yake ilitolewa yote kwa upasuaji, yuko katika tiba ya namna hiyohiyo.

Mzee wa Ngamiani amejibu:

Nimemsoma Muuguzi na sina la kupinga katika utabibu. Hata hivyo, tusiwasafishe wakubwa wa kasri kana kwamba wananchi walianza kunong'ona bila sababu. Tarehe 17 Januari 2024 Kensington Palace, yaani ofisi ya Kate na mumewe, ilitangaza kwamba Kate amefanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali ya binafsi jijini London na kwamba hatarajiwi kurudi kazini kabla ya Pasaka, kisha pakawa kimya. Tarehe 10 Machi ikatolewa picha yake akiwa na watoto wake watatu, na kabla siku haijaisha mashirika makubwa ya habari, yakiwemo AP, Reuters na AFP, yakawataka wateja wao waiondoe kwa kuwa ilikuwa imefanyiwa marekebisho. Kesho yake mwenyewe akaomba radhi kwa kuihariri. Taasisi inayoishi kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma ikitoa picha iliyochezewa, itamlaumu nani watu wakianza kuzitilia shaka hata nywele?

Binti Likoni amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu picha ile niko nawe. Lakini hoja kwamba kimya ndicho kinachozaa uvumi mimi siikubali, kwa kuwa sisi Wakenya tumeyaona yote mawili.

Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, aliondoka mwishoni mwa mwaka 2017 kwenda Uingereza kutibiwa, na umma ukaambiwa tu kwamba yuko katika likizo ya matibabu. Aliporudi mwaka 2018 ndipo mwenyewe akaeleza kwamba ni saratani ya damu. Kwa upande mwingine, mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alisema wazi, mwenyewe, kwamba ana saratani ya utumbo na kwamba imefika hatua ya nne. Je, uwazi ule ulimkinga? Aliporudi kutoka Ufaransa alikokuwa akitibiwa, picha zake akiwa amekonda zilizungushwa kwenye simu za watu, na kila mwenye kidole akawa tabibu. Collymore alifariki tarehe 1 Julai 2019, Okoth tarehe 26 ya mwezi huohuo, na siku tatu baadaye akafariki Gavana wa Bomet, Joyce Laboso, naye kwa saratani. Mwezi ule watu walikuwa wakikagua picha za viongozi waliokuwa hai, mmoja mmoja, wakitafuta nani amepungua mashavu.

Kwa hiyo aliyenyamaza alisemwa, na aliyesema naye alisemwa. Kate naye alikuwa na watoto watatu wadogo, na katika video ile alieleza kwamba walihitaji muda wa kuwafahamisha kwa namna inayowafaa. Mimi sioni ubaya wa mama kutaka wanawe walisikie jambo hili kwake yeye kabla ya kulisikia kwa wenzao shuleni.

Na hizo nywele za dhahabu za mwaka 2025, hata Sam McKnight, msusi aliyewahi kumtengeneza nywele marehemu Diana, alijitokeza kuwakemea waliokuwa wakimkejeli, akisema kwamba nywele ni jambo la binafsi sana kwa mwanamke na kwamba saratani humgusa kila mtu kwa namna yake. Mtu huyo ameishi na nywele za watu maisha yake yote. Tuchukulie hata kwamba ni wigi. Wigi linathibitisha nini? Wanawake wazima, wasio na homa wala mafua, wanayavaa kutoka Mombasa hadi Kisumu.

Mzee wa Ngamiani amejibu:

Marahaba, binti yangu. Kuhusu nywele nimekubali. Kuhusu picha iliyohaririwa, bado nasimama pale pale.

Mwana wa Pangani amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Muuguzi, nina maswali mawili ya mwisho. Kwanza, je, ni sawa nikiweka karatasi ya dawa za mama mdogo kwenye kundi ili wale wawili waridhike? Pili, mwezi ujao kuna shughuli nyingine, naye anataka kupaka piko ili mvi zisionekane. Baada ya maneno yale amekuwa akijitazama sana kwenye kioo, na wakati mwingine husema afadhali anyoe kabisa ili watu wamwamini.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Karatasi ya dawa usiiweke. Ikishaingia kwenye kundi la watu wengi huwezi kuirudisha, nayo ina jina lake, umri wake na ugonjwa wake. Wakati Kate alipolazwa, kulitokea taarifa kwamba kuna mfanyakazi wa hospitali aliyedaiwa kujaribu kufungua faili lake, na mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ikathibitisha kwamba imepokea taarifa ya jambo hilo. Mama mdogo anastahili heshima hiyohiyo. Ikiwa yeye mwenyewe ameridhia, mweka hazina wa michango peke yake aonyeshwe stakabadhi za duka la dawa na za hospitali, kisha yeye ndiye aliandikie kundi kwamba ameziona. Akikataa, basi imekwisha, na hao wawili wabaki na fedha zao.

Piko asubiri. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo PPD, ambayo huweza kuunguza au kuvimbisha hata ngozi ya mtu mzima wa afya, na ngozi ya mtu aliye kwenye tibakemikali huwa nyepesi zaidi. Kwa kawaida tunawashauri wagonjwa wakae miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, na hata hapo wamuulize daktari wao kwanza. Kusuka anaweza, ila msusi asivute sana, wala asimwongezee rasta nzito, kwa sababu nywele zilizopungua hukatika upesi.

Kunyoa ni uamuzi wake, ila asinyoe kwa ajili ya kuwapa watu ushahidi. Mwambie pia kwamba kumaliza dozi si kumaliza uchovu. Kate mwenyewe, alipotembelea hospitali ya Colchester mwezi Julai 2025, miezi kadhaa baada ya kutangaza kwamba saratani yake imetulia, alizungumzia jinsi kipindi cha baada ya matibabu kilivyo kigumu, wakati wengine wanadhani mtu amekwisha kurudi katika hali ya kawaida. Ndugu zenu wajiandae kwa hilo, hasa wale watakaotaka arudi jikoni wiki moja baada ya dripu ya mwisho.

Na kwa sasa, wekeni kipimajoto nyumbani. Akifikisha nyuzi 38 au akipata kutetemeka kwa baridi, awe na nywele au asiwe nazo, msimpe dawa ya kutuliza na kusubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mkifika tu mapokezi semeni kwamba yuko kwenye tibakemikali.