Mrejesho: Yule mzazi na kitabu cha majini

Wakuu, salamu kutoka Ujiji. Mwezi uliopita niliomba ushauri: mzazi alitaka tuondoe maktabani kitabu cha hadithi chenye majini na uganga, akidai kinampoteza mwanawe. Mimi ndiye mwalimu wa maktaba.

Wengi mlinikumbusha Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili. Nikapitia orodha, chetu hakimo. Hapo nikapata pa kusimamia.

Mkuu wa shule akatuita, na mjumbe wa bodi akawepo. Nikamuuliza mzee, kwa heshima zote, amesoma kurasa ngapi. Moja! Ile ya mganga, aliyotumiwa picha kwenye simu. Nikamsomea ya mwisho, mganga anapoumbuka mbele ya kijiji kizima. Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Ila msimamo hakuulegeza wote. Tumekubaliana kidato cha kwanza na cha pili wasikiazime, wa juu ruksa. Binafsi sijaridhika, maana hao wadogo ndio wasomaji wangu wakubwa. Na nakala yenyewe ni moja tu. Tangu kikao kile ina foleni ya watu tisa.