Octavia Butler na Kindred: kwa nini Dana anaendelea kumwokoa Rufus?

msomaji_wa_usiku
Wadau habari zenu. Nimemaliza Kindred ya Octavia Butler na bado imenikaa rohoni. Kwa ambao hawajaisoma, Dana ni mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, ghafla anavutwa kurudi nyuma hadi Maryland enzi za utumwa, mwanzoni mwa miaka ya 1800, na kila akivutwa ni kwa sababu mtoto wa mwenye shamba, mzungu anaitwa Rufus, yuko karibu kufa. Sawa, Rufus ni babu wa ukoo wake, akifa mapema Dana hazaliwi, hilo naelewa. Ila kinachoniuma ni vile anavyozoea. Anafanya kazi pale, anavumilia, anafika mahali anamuonea huruma Rufus anayemtesa Alice, mwanamke mweusi pale shambani, mbele ya macho yake. Mwandishi alitaka tumchukie Dana au? Na nikitaka kuendelea na vitabu vyake vingine nishike kipi?

bi_kurasa
Ndugu yangu, jibu liko kwenye maisha ya Octavia mwenyewe. Kazaliwa Pasadena mwaka 1947, baba yake akafariki yeye bado mdogo, kalelewa na mama yake na bibi yake. Mama alikuwa mtumishi kwenye nyumba za wazungu, na kuna wakati alikuwa anakwenda naye kazini, anamuona mama yake anaingilia mlango wa nyuma, anasikia watu wanamsema vibaya kama vile hayupo na mama anakaa kimya. Octavia mtoto alikuwa anaona aibu na hasira, tena hasira yenyewe kwa mama. Alafu akiwa chuoni, miaka ya 1960, akamsikia kijana mmoja mweusi anasema angetamani kuwaua wazee wote waliorudisha weusi nyuma kwa unyenyekevu wao, ila inabidi aanze na wazazi wake. Hapo ndo ikamwingia kwamba chakula alichokula na paa alilolalia vilitokana na yale matusi mama yake aliyomeza. Kindred (1979) ni jibu lake kwa yule kijana. Kamchukua mtu wa kisasa, msomi, anayejiamini, kamtupa kule ili aonje, na wewe msomaji uonje naye. Kwa hiyo hapana, hakutaka tumchukie Dana, alitaka tuache kuwadharau waliovumilia.

Alafu jua kwamba mwanzo alijaribu kumfanya mhusika mkuu awe mwanaume ikashindikana, maana mwanaume mweusi mwenye kujiamini vile asingeachwa hai muda mrefu, wangemuona tishio siku ya kwanza tu. Mwanamke wangemdharau, na kwa kudharauliwa ndo angeishi.

kalamu_na_nyota
Bi Kurasa umemaliza kuhusu mama. Mi naongeza upande wa kazi kwa sababu huyu dada aliteseka mno kabla ya kujulikana. Alikuwa mrefu, mwenye haya kupita kiasi, na ana disleksia, kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu. Akiwa na miaka 10 akamuomba mama yake taipureta, na mama na kile kipato chake kidogo akamnunulia. Mwaka 1970 akaenda warsha ya waandishi ya Clarion, akauza hadithi mbili akadhani ndo ametoka, kumbe ikaja miaka mitano bila kuuza neno. Akawa anaosha vyombo, anauza vitu kwa simu, anakagua viazi vya kukaanga kiwandani, na anaamka saa nane usiku kuandika kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ikatoka 1976. Hata safari ya Maryland kwenda kuona mashamba ya Kindred aligharamia kwa kuuza Survivor, riwaya ambayo baadaye hakuipenda kabisa hadi akakataa isichapishwe tena.

mdau_wa_anga
Naheshimu yaliyosemwa ila kama mtu anataka riwaya za kisayansi asiishie Kindred, mwenyewe alisema ile haina sayansi ndani. Soma Dawn (1987). Vita vya nyuklia vimeiharibu dunia, Lilith anaamka kwenye chombo cha viumbe wanaoitwa Oankali, wamewaokoa binadamu waliobaki lakini wanataka kuchanganya nao mbegu ya uzazi, na kukataa karibu haiwezekani. Ni swali lilelile la Dana, ukiokolewa na anayekumiliki unamwitaje? Au anza na hadithi fupi ya Bloodchild, ilichukua tuzo za Hugo na Nebula za riwaya na hadithi za kisayansi, wanaume humo ndo wanabeba mayai ya viumbe wageni. Watu walisema ni habari ya utumwa, yeye akakataa, akasema ni hadithi ya mapenzi. Mimi nakubaliana naye, ukisoma vile Gan, kijana mhusika mkuu, anavyochagua mwishoni utaona.

bi_kurasa
Parable of the Sower msiisahau jamani! Imetoka 1993 ila inaanza mwaka 2024, California ukame, moto, watu wamejizungushia kuta, na binti Lauren anayehisi maumivu ya wengine mwilini mwake. Mwaka 2020 ndo ikaingia orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzika zaidi, mwenyewe amefariki tangu Februari 2006 akiwa na miaka 58. Inaniuma sana hiyo. Angalau tuzo ya MacArthur aliipata akiwa hai, 1995, wa kwanza miongoni mwa waandishi wa riwaya za kisayansi.

msomaji_wa_usiku
Asanteni sana, hilo la mama yake limenibadilisha, nairudia Kindred. Na Wild Seed je? Naona ni ya nne kuchapishwa kwenye mfululizo wake ulioanza na Patternmaster.

kalamu_na_nyota
Usifuate mwaka wa kuchapishwa. Wild Seed (1980) ndo mwanzo wa kisa chenyewe, inaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, Anyanwu mwanamke anayejibadili umbo anakutana na Doro anayeishi kwa kuvaa miili ya watu. Anza nayo, alafu Mind of My Mind, Clay's Ark, umalizie na Patternmaster.