Mrejesho: kizunguzungu ndani ya ovaroli za kinga

Ndugu zangu, niliwauliza tufanyeje, maana wauguzi wenzangu kwenye mahema ya kutengea wagonjwa walikuwa wakitoka na kizunguzungu na kichefuchefu kwa joto la ovaroli za kinga. Asanteni mno, hali imebadilika.

Kubwa ni muda. Matroni amekubali mtu asizidi dakika 45 ndani, jua likiwa kali apunguze zaidi, na anayeshika saa ni mtu wa nje. Hata kwenye Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2015, wahudumu wa MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) walikaa ndani kama saa moja tu. Jasho hutoka, ila ndani ya ovaroli isiyopitisha hewa halikauki, basi mwili haupoi. Ukiinamisha buti, linachuruzika.

Pia tunaingia wawili wawili. Juzi nilimuuliza mwenzangu kuhusu dripu, akanijibu mambo mengine kabisa, dalili kwamba joto limemzidi. Nikamtoa palepale, akasomewa hatua za kuvua mojamoja, kwani hapo ndipo aliyezidiwa hujigusa uso na kujiambukiza. Kivulini akamwagiwa maji, akapepewa, akanywa ORS (maji yenye chumvi na sukari), akarudi sawa.

Bado mahema yanapigwa na jua moja kwa moja. Tumeomba maturubai ya kuweka kivuli juu yake, na nafuatilia kila asubuhi.